Joto na Uzee wa Ganda la Waya: Somo kwa Zahanati na Nyumba za Pwani ya Ruvuma

Kila mhudumu wa afya aliyewahi kusimamia chanjo anaijua alama ndogo iliyobandikwa kwenye chupa: duara lenye mraba ndani yake. Chupa ikiwa mpya, mraba huwa na rangi hafifu kuliko duara. Kadiri chupa inavyokaa kwenye joto, mraba hukolea. Na rangi yake ikishalingana na ya duara, chanjo hiyo haitumiki tena, hata kama tarehe ya mwisho haijafika. Alama hiyo haipimi joto la leo peke yake. Hujumlisha joto lote ambalo chupa imepitia tangu ilipotoka kiwandani, na haisahau hata saa moja.

Nyaya za umeme zilizo juu ya dari ya zahanati hiyohiyo zina kumbukumbu ya namna hiyo. Ganda la plastiki linalozifunika hujumlisha kila saa ya joto linayoipitia, na hesabu hiyo hairudi nyuma usiku unapoingia na hewa kupoa. Tofauti ni kwamba waya haukubandikwa alama yoyote ya kumwonya mtu.

Makala haya yanaeleza jinsi joto linavyolizeesha ganda la waya, na kwa nini jambo hili, ambalo kwa kawaida huachiwa fundi, linamhusu pia mhudumu wa afya na mgonjwa. Linawahusu kwa njia tatu. Ganda lililochakaa huweza kumfikishia mtu mshtuko wa umeme. Huweza kuanzisha moto na moshi wenye sumu. Tena huweza kuzima mashine ya kuzalisha oksijeni saa nane za usiku, wakati mtoto aliyezaliwa punde hajaanza kupumua vizuri. Kwa mahali kama Kitaya, kando ya mto Ruvuma, ambako safari ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyoko Ligula si ya dakika chache, hatari hiyo ya tatu ni nzito kama mbili za kwanza.

Ganda la waya ni nini

Waya wa umeme una sehemu mbili. Ndani mna shaba au aluminiamu, inayopitisha mkondo. Nje kuna kihami, yaani ganda lisilopitisha umeme, ambalo kazi yake ni kuuzuia mkondo usitoke nje ya njia yake. Katika nyaya za kawaida za nyumbani ganda hilo huwa na unene usiofika milimita moja. Kati ya kidole cha mtu na volti 230 hakuna kinga nyingine iliyo karibu zaidi.

Ganda hilo hutengenezwa kwa polima. Polima ni molekuli ndefu sana, iliyoundwa kwa vipande vidogo vinavyofanana na kuungana mmoja baada ya mwingine, kama shanga katika uzi. Protini za ngozi yetu ni polima. Utomvu wa mpira ni polima. Na plastiki ya PVC, ambayo ndiyo ganda la nyaya nyingi majumbani, ni polima pia. Ulaini wa ganda, uimara wake na uwezo wake wa kukunjika bila kupasuka vyote vinatokana na urefu wa minyororo hiyo. Minyororo ikikatika, au ikifungamana isivyotakiwa, ganda hukakamaa.

Pwani yetu ina historia ndefu na jambo hili. Mwaka 1879 kebo ya simu za maandishi ilitandazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar, kisha Msumbiji na kuendelea hadi Durban. Kihami cha kebo za baharini za enzi hiyo kilikuwa gatapacha, utomvu wa mti wa Asia ya Kusini-Mashariki. Madaktari wa meno wanaifahamu gatapacha hadi leo, kwa kuwa ndiyo wanayojazia mzizi wa jino baada ya kuusafisha. Chini ya bahari, penye baridi, giza na pasipo hewa nyingi, gatapacha hudumu miaka mingi. Ikiachwa juani na hewani hukauka na kuvunjika kama ganda la yai. Kitu ni kilekile. Kilichobadilika ni joto, mwanga na oksijeni.

Jinsi joto linavyolizeesha ganda

Joto ni mtikisiko wa molekuli. Kadiri kitu kinavyopata moto, ndivyo molekuli zake zinavyotikisika kwa nguvu, na ndivyo vifungo kati ya atomi vinavyozidi kukatika. Katika ganda la PVC mambo matatu hutokea kwa pamoja.

La kwanza ni kupotea kwa kilainishi. PVC yenyewe ni ngumu, kama bomba la maji la plastiki. Ili iwe laini ya kufunika waya, kiwanda huichanganya na kemikali ya mafutamafuta inayokaa kati ya minyororo na kuiwezesha kuteleza. Joto huifukuza kemikali hiyo kidogokidogo hadi nje ya ganda. Ndiyo sababu waya wa zamani huonekana kunata au kuwa na utelezi, kisha baadaye hukauka na kuwa mgumu.

La pili ni kuvunjika kwa mnyororo wenyewe. PVC ina atomi za klorini. Joto huzing'oa pamoja na hidrojeni, nazo hutoka zikiwa hidrojeni kloridi, gesi ambayo ikikutana na unyevu hugeuka kuwa asidi. Asidi hiyo huharakisha uharibifu wa sehemu za jirani. Pale klorini ilipotoka, mnyororo hubaki na vifungo vinavyobadilisha rangi ya ganda: jeupe huwa la njano, kisha kahawia, na mwishowe jeusi.

La tatu ni kushambuliwa na oksijeni ya hewani. Hili hutokea katika polima nyingi, hasa raba na polithini. Oksijeni huanzisha mfululizo wa athari, ambamo molekuli moja iliyojeruhiwa huijeruhi ya pili, na ya pili ya tatu.

Watengenezaji wanayajua hayo yote, na huweka ndani ya ganda akiba ya kinga: kemikali za kumeza asidi, na nyingine za kuizuia oksijeni. Akiba hiyo hutumika taratibu kwa miaka, na wakati huo wote waya huonekana mzima. Siku akiba inapokwisha, uharibifu huenda mbio. Mganga ataukumbuka ugonjwa wa figo. Mtu anaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wa figo zake huku kreatinini ya damu ikisomeka karibu na kawaida. Anapopita mpaka huo, kila upungufu mdogo huonekana waziwazi. Kwa hiyo waya unaoonekana mzima hauwi mzima kwa sababu hiyo peke yake.

Kanuni inayounganisha waya na ngozi

Mwishoni mwa karne ya 19 mwanakemia wa Sweden, Svante Arrhenius, alionyesha kwamba kasi ya athari za kikemikali haiongezeki kwa mstari ulionyooka joto linapopanda, bali huongezeka kwa kuzidishwa. Mwaka 1930 mhandisi Montsinger aliitumia fikra ya namna hiyo kwa vihami vya transfoma, na tangu hapo mafundi wana kanuni ya kukadiria: kila joto linapopanda kwa takriban nyuzi 10 za Selsiasi, umri wa kihami hupungua kwa nusu. Ni makadirio tu, kwani kila polima ina kiwango chake, lakini yanatosha kumfungua mtu macho.

Sisi tunaotibu majeraha ya moto tunaijua kanuni hiyo kwa sura nyingine. Mwaka 1947 Moritz na Henriques walichapisha uchunguzi wao juu ya ngozi na joto. Walionyesha kwamba ngozi iliyo katika nyuzi 44 huungua baada ya takriban saa 6, na kwamba kati ya nyuzi 44 na 51 kila nyuzi moja inayoongezeka hupunguza muda huo kwa karibu nusu. Ndiyo maana chupa ya maji ya moto isiyoonekana kuwa kali sana huweza kumuunguza mgonjwa wa kiharusi asiyehisi mguu wake, endapo itaachwa hapo usiku kucha. Ngozi haiulizi joto ni kali kiasi gani tu. Huuliza pia limedumu kwa muda gani. Na chanjo ya matone ya polio ni hivyohivyo: alama yake hufikia mwisho kwa takriban siku 2 katika nyuzi 37, ilhali katika nyuzi 5 huchukua takriban siku 225.

Ngozi, chanjo na ganda la waya vinatii sheria moja. Vinatofautiana kwa kasi tu.

Hesabu ya chumba cha uzazi

Joto la waya hutoka sehemu mbili: mazingira na mkondo. Waya wa kawaida wenye ganda la PVC umepangiwa usizidi nyuzi 70 katika shaba yake. Kiwango cha mkondo kinachoandikwa katika majedwali ya mafundi huchukulia kwamba hewa inayouzunguka ina nyuzi 30. Maana yake ni kwamba, ukibeba mzigo wake wote, waya hujiongezea nyuzi 40 juu ya joto la mahali ulipo.

Sasa tupande juu ya dari ya zahanati iliyoezekwa bati, mwezi wa Novemba au Desemba, kabla ya mvua. Saa nane za mchana hewa iliyofungwa chini ya bati huweza kufika nyuzi 50. Waya uleule, kwa mzigo uleule, sasa una 50 na 40, yaani nyuzi 90. Umezidi kiwango chake kwa nyuzi 20. Kwa kanuni ya makadirio, katika saa hizo ganda linazeeka mara nne zaidi ya lilivyokusudiwa. Ndiyo sababu majedwali ya kimataifa huelekeza kwamba waya wa PVC ulio mahali penye nyuzi 50 usipewe zaidi ya asilimia 71 ya mzigo wake wa kawaida. Na penye nyuzi 40, asilimia 87.

Tuongeze mkondo. Joto linalotokana na mkondo hukua kwa kipeo cha pili: mkondo ukiongezeka maradufu, joto huongezeka mara nne. Ziada ya asilimia 20 tu hugeuza zile nyuzi 40 kuwa karibu 58. Chini ya bati la mchana, waya huo unakaribia nyuzi 108, na uzee wake unakwenda takriban mara kumi na nne. Ganda lililotarajiwa kudumu miaka 20 lingechakaa, kwa mwendo huo usiokatika, kabla ya mwaka mmoja na nusu kwisha. Watu wengi hudhani kwamba kikata umeme kingezima kabla ya hayo. Si lazima. Vikata umeme vya kawaida vimetengenezwa ili kuvumilia ziada ndogo kwa muda mrefu. Hukata haraka pale tu ziada inapokuwa kubwa.

Mfano wa karibu zaidi ni waya wa kuongezea, ule tunaouita ekstensheni. Chukua ekstensheni iliyopangiwa ampea 10. Muuguzi wa zamu amechomeka mashine ya kutakasia vifaa ya wati 2,000, na mwenzake akachomeka birika la chai la wati 2,000. Jumla ni wati 4,000. Tukigawanya kwa volti 230 tunapata ampea 17 na zaidi kidogo. Joto la waya huo ni takriban mara tatu ya lililokusudiwa. Na kama ekstensheni imeviringishwa kama kamba ya ndoo ili isisumbue miguu, mizunguko ya ndani haina pa kutolea joto, nayo hupikana yenyewe kwa yenyewe.

Pwani kuna jambo jingine, nalo ni chumvi. Hewa ya bahari hula skrubu na ncha za shaba ndani ya soketi, na mguso mbaya huwa na ukinzani. Ukinzani wa omu 0.1 tu, mkondo wa ampea 10 ukipita, hutoa wati 10 za joto katika eneo dogo kuliko punje ya korosho. Kwa hiyo ganda huanza kuharibika penye soketi na viungio, kabla ya katikati ya waya.

Dalili za waya mgonjwa

Ganda lililozeeka huweza kukaa miaka bila kuleta madhara iwapo halitaguswa. Hupasuka linapokunjwa, linapovutwa au panya anapopita juu yake. Kisha unyevu na chumvi huingia katika ufa, umeme huanza kuvuja, na cheche ndogondogo hugeuza plastiki kuwa makaa, ambayo hupitisha umeme. Tazama dalili hizi:

Rangi ya ganda, plagi au soketi imegeuka njano au kahawia.

Waya umekakamaa, au una nyufa ndogo mahali unapokunjika.

Plagi ni ya moto kiasi cha kutoweza kuishika baada ya kutumika.

Kuna harufu kali ya plastiki au kama ya samaki karibu na soketi, hata kama moshi hauonekani.

Taa hufifia mashine kubwa inapowashwa, au kikata umeme hukatika mara kwa mara bila sababu inayojulikana.

Mtu husikia mtekenyo anapogusa kitanda cha chuma, jokofu au bomba.

Dalili ya mwisho ni ya dharura. Zima umeme wa eneo hilo na uite fundi siku hiyohiyo. Fundi mwenye sifa ana kipimo cha kupima uhami wa waya kwa volti 500. Nyaya za jengo la kawaida hazipaswi kuonyesha chini ya mega-omu 1. Kipimo hicho kinafanana na shinikizo la damu: namba moja haielezi yote, bali namba za mwaka hadi mwaka, zikiandikwa katika daftari, huonyesha waya unakoelekea.

Madhara kwa mwili na huduma ya kwanza

Umeme ukimpata mtu, jambo la kwanza ni kuzima swichi kuu. Usimguse aliyenaswa kabla ya hapo. Ikishindikana kuzima, simama juu ya kitu kikavu na umsukume mbali na waya kwa mti mkavu. Hii ni kwa umeme wa ndani ya nyumba pekee, kwa maana nyaya za msongo mkubwa zilizo juu ya nguzo hazisogelewi hata kidogo. Akiwa hapumui, anza mara moja kukandamiza kifua, na uendelee. Mara nyingi moyo wake umepoteza mpigo wake tu, na mikono yenu ndiyo inayoubadilisha hatima yake.

Jeraha la umeme hudanganya. Doa dogo kwenye kidole huweza kuficha misuli iliyoungua kwa ndani. Mgonjwa aliyezimia, mwenye mpigo wa moyo usio sawa, mwenye mkojo wa rangi ya chai nzito, mjamzito, au mtoto aliyeuma waya, apelekwe hospitali hata kama anasema hajambo. Mkojo mweusi ni ishara kwamba protini za misuli zinaziba figo. Aanzishiwe maji ya mshipa kabla ya safari.

Jeraha la moto lipozwe kwa maji safi ya bomba kwa dakika 20, baada ya umeme kuzimwa. Lisipakwe dawa ya meno, asali, mafuta wala unga. Moshi wa PVC una hidrojeni kloridi, inayochoma macho na njia ya hewa, pamoja na kaboni monoksaidi isiyo na harufu. Aliyeuvuta akiwa chumbani, mwenye sauti iliyokwaruza au masizi puani, apewe oksijeni na kupelekwa rufaa bila kusubiri hali ibadilike. Zimamoto wapigiwe kupitia namba 114.

Yanayowezekana kesho asubuhi

Katika zahanati, mganga mfawidhi aandike orodha ya vyombo vyote na wati zake, kisha ajumlishe vilivyo katika soketi za mstari mmoja. Mashine ya kuzalisha oksijeni na jokofu la chanjo vipewe soketi zao za ukutani, bila ekstensheni. Birika la chai lihame chumba cha uzazi. Kazi ya kutakasa vifaa ifanywe asubuhi, kabla bati halijapata moto. Ekstensheni ikunjuliwe yote inapotumika. Soketi iliyobadilika rangi ifungwe kwa plasta na kuandikwa isitumike. Na fundi atakapokuja, aombwe kupanda darini na kuangalia, kwa kuwa huko ndiko waya unakozeeka.

Nyumbani, mgonjwa anayetumia mashine ya oksijeni asiipitishie waya chini ya godoro, mkeka au zulia. Kitambaa huzuia joto kutoka. Asivute wala kuruhusu sigara, mshumaa au jiko karibu naye. Waya uliopasuka usizungushiwe utepe na kuhesabiwa kuwa umepona: utepe huficha ufa, wala haurudishi kilainishi kilichokwisha kutoka.

Maswali ya kujipima. Je, ekstensheni iliyo karibu nawe sasa imepangiwa ampea ngapi, na imebeba wati ngapi? Waya wa zahanati yako ulitandazwa mwaka gani? Umeme ukikatika usiku huu kwa hitilafu ya waya, nani anajua swichi kuu ilipo, na mfuko wa kumpulizia mtoto hewa umewekwa wapi? Anayeweza kuyajibu matatu haya bila kuinuka kitini ameshaanza kuilinda zahanati yake. Asiyeweza, ainuke sasa akaangalie.